Kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia ya Kijerumani ukiwa Kisumu

Wolfgang Völz alizaliwa Danzig mwaka 1930 na kufariki Berlin mwaka 2018. Katika miaka zaidi ya hamsini ya kazi, nyota mkuu hakuwa yeye mara nyingi. Alikuwa dereva wa kabaila mpelelezi, afisa kwenye chombo cha anga za juu, mzee wa pembeni mwenye maneno mawili ya kuchekesha. Ila Mjerumani akifumba macho humtambua mara moja, kwa sababu sauti hiyohiyo ndiyo iliyowasemea waigizaji wa kigeni Walter Matthau, Peter Ustinov na Mel Brooks kwa Kijerumani, na ndiyo iliyokuwa ya Käpt'n Blaubär, dubu wa buluu, nahodha anayewadanganya wajukuu wake kwa visa vya baharini. Jukwaa, kamera na kibanda cha sauti vilimlisha kwa zamu.

Maisha ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kuigwa na mwigizaji aliye Kisumu, Kakamega au Nakuru. Nafasi ya sauti ya mhusika mkuu ni moja tu kwa tamthilia nzima. Nafasi za mlinzi wa geti, nesi, shangazi, polisi wa pili na jirani mwenye wivu ni nyingi, na mtu mmoja mwenye sauti tano anaweza kuzibeba zote. Mwongozo huu unaeleza kazi yenyewe: chumba, vifaa, maandishi, kurekodi na malipo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wateja wengi huyachanganya. Msimulizi wa filamu za vibandani, kwa mtindo alioueneza DJ Afro, huzungumza juu ya filamu, hutania, huongeza chumvi, na midomo ya wahusika haimhusu. Hiyo ni sanaa yake na ina wapenzi wake. Kuingiza sauti, au kudabu kama wengi wasemavyo, ni kumwondoa msemaji wa kwanza kabisa na kukaa ndani ya midomo yake. Muulize mteja anataka ipi kabla hujataja bei.

Wajerumani wanavyoigawa kazi

Tangu filamu zianze kusema, miaka ya 1930, Wajerumani wamezoea kusikia kila mgeni akiongea Kijerumani. Kampuni ya Berliner Synchron ilianzishwa mwaka 1949, na hadi leo Berlin ndiyo kitovu, Munich na Hamburg zikifuata. Utaratibu wao umejaribiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna haja ya kubuni mwingine.

Mtu wa kwanza hutafsiri neno kwa neno, bila kujali midomo. Wa pili, mwandishi wa mazungumzo, huichukua tafsiri hiyo ghafi na kuiandika upya akitazama picha, hadi maneno yakae mdomoni. Filamu hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache, sentensi moja au mbili kila kimoja, na kila kipande hupewa namba. Kwenye kurekodi kuna mwongozaji anayesikiliza uigizaji, fundi anayeshika mitambo, na mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kutazama midomo tu. Zamani wasemaji walisimama pamoja mbele ya maikrofoni moja. Siku hizi kila mmoja hurekodi peke yake, na mazungumzo huunganishwa baadaye.

Ukiwa na kikundi cha watu watatu Kisumu mnaweza kugawana hivyohivyo. Ukiwa peke yako, fanya kila kazi siku yake. Anayeandika na kurekodi kwa pamoja huishia kurekebisha maneno mbele ya maikrofoni, na siku nzima hutoa vipande ishirini.

Jambo jingine la kuiga ni sauti ya kudumu. Christian Brückner humsemea Robert De Niro, kwa hiyo mtazamaji haongezewi mtu mpya kila filamu. Thomas Danneberg aliwasemea Sylvester Stallone na Arnold Schwarzenegger wote wawili, ijapokuwa Schwarzenegger ni mzaliwa wa Austria na Kijerumani ni lugha ya mama kwake. Kwako maana yake ni hii: ukimpa mhusika sauti katika sehemu ya kwanza, umejifunga naye hadi sehemu ya mia. Usimpe mkwaruzo wa koo ambao huwezi kuutoa ukiwa na mafua.

Chumba

Adui wa kwanza Kisumu ni mabati. Mvua ya alasiri ikianza, kazi imekwisha, na hakuna programu itakayoitoa ile ngoma kwenye sauti. Hata bila mvua, mabati hulia tik-tik jua linapochomoza na linapotua, kwa kuwa yanatanuka na kusinyaa. Usiku wa mvua vyura na nyenje huchukua zamu, hasa upande wa Dunga na Nyalenda. Muda mzuri kwa nyumba nyingi ni saa tatu na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu, bati likishatulia na mawingu hayajajikusanya. Kakamega hesabu mvua ya kila alasiri msimu ukifika, na mara nyingine mvua ya mawe. Nakuru kero kubwa ni malori ya barabara kuu ya Eldoret: mngurumo wake hupita ukutani na hata kwenye sakafu, kwa hiyo kisimamisho cha maikrofoni kiwekwe juu ya kipande cha godoro.

Usipoteze pesa kwa trei za mayai. Karatasi ile ni nyembamba. Hupunguza tu ile milio ya juu kabisa, huku uvumi wa chini unaoifanya sauti isikike kama imetoka ndani ya pipa ukibaki palepale. Wala haizuii bodaboda. Isitoshe, hushika moto upesi. Kinachomeza sauti ni unene na uzito.

Kibanda cha bei nafuu hujengwa hivi. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili, upana mita 1.5, kina mita 1.5, urefu mita 2. Unahitaji mita 20 za mbao, yaani kama futi 66. Nunua 70 kwa sababu ya kukata. Pande nne na juu ni takriban mita 14 za mraba, na ukitaka tabaka mbili unahitaji zaidi ya 28. Blanketi nzito la kitanda cha watu wawili lina kama mita 4.4 za mraba, kwa hiyo manane yanatosha na kubaki kidogo kwa mikunjo. Duveti za mitumba za Kibuye zinafaa zaidi ya blanketi jembamba jipya. Tabaka la ndani na la nje yaachane upana wa ubao, na fremu nzima isiguse ukuta: acha sentimita 10. Chini weka zulia au godoro kuukuu.

Ndani ya kibanda hicho Kisumu utatoka jasho baada ya dakika kumi. Feni huwezi kuwasha. Panga kurekodi dakika 25, fungua pazia, feni dakika 5, kisha rudi. Friji ichomolewe, na funguo za gari au nyumba ziwekwe ndani yake ili usisahau kuichomeka tena ukitoka.

Pima chumba kabla ya kumpigia mteja. Rekodi dakika moja ya kimya kwa kiwango kilekile utakachotumia kuongea. Mita ikisoma chini ya desibeli -60, uko salama. Ikiwa -50, sauti yako itakubalika kwa redio lakini kwenye tamthilia kila ukianza na kunyamaza mtazamaji atasikia pazia la mvumo likifunguka na kufungika.

Vifaa

Maikrofoni ya kondensa yenye kusikia upande mmoja, saundikadi ya nje yenye umeme wa volti 48 kwa ajili yake, hedifoni zinazofunika sikio zima, kisimamisho, na chujio la pumzi. Maikrofoni za jukwaani husifiwa kwa kuwa hazisikii chumba, na ni kweli, lakini zinataka uzibusu. Kwenye tamthilia mhusika yuko mita mbili kutoka kwa kamera. Ukimsemea kwa sauti ya kubusu maikrofoni anasikika kama yuko redioni. Simama sentimita 20 hadi 25 kwa mazungumzo ya kawaida, 15 kwa mnong'ono, na kwa kelele rudi nyuma hatua moja na ugeuze uso kidogo pembeni.

Usitumie hedifoni za Bluetooth. Huchelewesha sauti, na ucheleweshaji wa sehemu mbili za kumi za sekunde ni fremu tano, yaani picha tano, kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde. Utafuata midomo vizuri kabisa na bado kila kipande kitakuwa kimechelewa, nawe hutajua kwa nini. Televisheni ikitumika kama skrini ya kibanda nayo ina uchelewaji wake. Iweke kwenye hali ya michezo ya video ili ipunguze. Laptopu yenyewe ikae nje ya kibanda kwa sababu ya feni yake, picha iingie ndani kwa kebo ya HDMI ya mita 5.

Programu ya Reaper huonyesha video na kurekodi kwa wakati mmoja, na DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye sehemu ya sauti. Audacity ni nzuri kwa tangazo la redio lakini haionyeshi video, kwa hiyo hapa haitakusaidia. Weka mradi kwenye kilohezi 48 na biti 24 kabla ya kurekodi neno la kwanza. Faili la 48 likisomwa kama 44.1 sauti hushuka zaidi ya nusu toni na mhusika wa miaka ishirini anazeeka. Angalia pia kasi ya video. Mteja akikutumia nakala ya fremu 24 wakati ya mwisho ni 25, kwenye sehemu ya dakika 45 mtapishana karibu dakika mbili. Muulize kwa maandishi: fremu ngapi kwa sekunde?

Kitu cha mwisho cha kudai kutoka kwake ni faili la sauti lenye muziki na milio peke yake, bila maneno. Bila hiyo, ukifuta Kijerumani unafuta pia milango, nyayo, sahani na muziki. Mteja asiye nayo anatafuta usimulizi wa juu, au anatafuta mtu wa kumtengenezea milio yote upya, na hiyo ni kazi nyingine yenye bei nyingine.

Kuandika Kiswahili kinachokaa mdomoni

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa. Sauti nzuri haiokoi maandishi mabaya.

Anza kwa midomo inayofunga. M, b na p hufunga midomo, na jicho la mtazamaji huona. F na v huonyesha meno juu ya mdomo wa chini, huonekana kwa shida kidogo. Sauti nyingine zote jicho husamehe. Kwa hiyo kwenye uso wa karibu, tafuta kwanza mahali midomo ya Mjerumani inapofunga, kisha weka hapo m, b, p, mb au mp yako. Kiswahili kimejaliwa sana upande huu: mama, baba, bwana, bibi, mbona, pole, basi, hebu.

Wakati mwingine lugha hukubembeleza. "Ich liebe dich" ina silabi nne, na midomo hufunga kwenye silabi ya tatu. "Nakupenda" ina silabi nne, na p iko kwenye ya tatu. Usiguse, endelea. "Papa" huwa "Baba" bila jasho. "Bitte" ya kusihi, silabi mbili zinazoanza kwa b, si "tafadhali" yenye silabi nne. Ni "basi", kama mtoto anavyomsihi mamake: basi, niache niende.

"Nein" ni silabi moja na mdomo uko wazi. "Hapana" ina tatu na p katikati, itafunga mdomo ambao kwenye picha umeachama. Kwa mzee tumia "La". Kwa kijana jaribu "Hata!", au usikatae kwa neno bali kwa kitendo: "Sitaki", "Siendi", kama muda upo.

Kijerumani mara nyingi huweka kukanusha mwishoni. Sisi hukanusha mwanzoni mwa kitenzi. Mwigizaji anasema "Ich komme heute nicht", anasita kidogo, halafu anatupa lile "nicht" na uso wake unabadilika hapo. Ukiandika "Siji leo", habari imetoka mapema na uso unabadilika bila sababu. Geuza: "Leo mimi siji." Silabi sita kwa sita, habari mwishoni, na m ya kwanza ya "mimi" inaangukia pale "komme" inapofunga midomo. M ya pili imezidi. Iseme haraka bila kukaza na haitaonekana.

Mtego mwingine uko kwenye kutikisa kichwa. Mjerumani akiulizwa "Hukuja?" hutikisa kichwa na kusema "Nein". Mswahili akikubali kwamba hakuja husema "Ndiyo, sikuja." Ukimwandikia "ndiyo" mtu anayetikisa kichwa, nyumba nzima itacheka. Andika "Sikuja" peke yake. Kuna pia kale ka "doch", neno la kupinga aliyekanusha, hilo halina mwenzake mmoja kwetu, litafsiri kwa jibu zima: "Alikuja!", "Ninayo!"

Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu anayepiga meza kwa "Raus!" anapiga mara moja. "Toka!" ina mkono kwenye "to" na "ka" ikining'inia baada ya kofi. "Nje!" hukaa barabara.

Unapohesabu silabi usihesabu irabu tu. "Mtoto" ni tatu, kwa kuwa m hubeba silabi yake; "mbuzi" ni mbili; "nchi" ni mbili. Waandishi wapya hukosea hapa, kisha hushangaa kwa nini msemaji anakimbia.

Kuna mambo yasiyo ya midomo. Kijerumani kina "er" kwa mwanamume na "sie" kwa mwanamke. Sisi tuna "yeye". Kwenye tamthilia ya upelelezi shahidi akisema "sie" amekwisha kufichua kwamba muuaji ni mwanamke, nawe ukiandika "ni yeye" umeficha. Andika "yule mama". Kinyume chake pia ni baraka: mwandishi wa Kijerumani akihangaika kuficha jinsia, Kiswahili huificha bure. Wao pia hutofautisha "Sie" ya heshima na "du" ya ukaribu, na kuna matukio mazima ambapo wawili wanakubaliana kuhama. Usitafute viwakilishi. Tumia majina: kwanza "Bwana Schmidt", "daktari", "mama", kisha siku ile wanapozoeana, "Acha hiyo Bwana Schmidt, niite Klaus." Mtazamaji wa Kondele anaelewa bila kuelezwa.

Tengeneza ukurasa mmoja wa majina na namna ya kuyatamka, mpe kila msemaji. W ya Kijerumani ni v, v mara nyingi ni f, j ni y, z ni ts. Wolfgang ni Volfgang, Johann ni Yohan. Wasemaji watatu wakimwita mtu mmoja kwa matamshi matatu, mtazamaji anahesabu watu watatu.

Pembeni mwa kila mstari weka herufi moja: U uso unapoonekana, K kisogo, N msemaji akiwa nje ya picha. Kwenye K na N huna midomo ya kufuata, kwa hiyo hapo ndipo unapotumia Kiswahili kamili na kulipa maneno uliyoyabana kwenye U. Alama za pumzi, kucheka, kuguna na kumeza mate nazo ziandikwe. Mtu akiinua kikombe na usisikie akimeza, sauti imetengana na mwili.

Kurekodi

Tazama kipande mara moja kwa Kijerumani, mara moja bila sauti huku ukisema pole pole, halafu rekodi. Milio mitatu ya kuhesabia hutangulia kwa mpangilio sawa, sekunde moja moja inatosha, na wewe huanza pale wa nne ungelia. Pumzi ya mhusika kabla ya neno la kwanza ni yako pia. Anayepuuza pumzi hiyo huchelewa fremu mbili tatu kila mara, kwa sababu mwili haujaambiwa uanze.

Simama. Mhusika akikimbia, kimbia papo hapo kwa magoti. Akibeba gunia, kaza tumbo na ushike kitu kizito. Akilala kitandani inamisha kidevu. Koo hufuata mwili. Mavazi yawe ya pamba, bangili zivuliwe, na njaa ishughulikiwe kabla, maana maikrofoni husikia tumbo. Chai ya maziwa iahirishwe hadi mwisho wa kazi. Maji yasiyo baridi na kipande cha tufaha au ndimu hupunguza ile milio ya mate mdomoni.

Kiwango cha sauti kiweke ili kilele kiwe kati ya desibeli -12 na -6. Matukio ya kelele na kilio yote yapelekwe mwisho wa siku, hata kama yako mwanzo wa hadithi. Ukipiga kelele saa nne, mnong'ono wa saa tano utakuwa na mikwaruzo.

Mtazama midomo ana swali moja: umeingia na kutoka pamoja naye? Kuanza mapema fremu moja, yaani sehemu 40 za elfu za sekunde kwenye video ya fremu 25, hakuna anayeona. Fremu tatu huonekana. Kutoka kuna uzito kuliko kuingia: mdomo uliofungwa huku sauti inaendelea ndio unaomfanya mtazamaji atoke kwenye hadithi. Kusogeza kipande kwa kipanya cha kompyuta kunaponya kuchelewa. Hakuponyi mwendo mbaya. Ikiwa katikati imeachana, rudia.

Sauti nyingi kwa mtu mmoja

Wanaoanza hubadilisha wembamba na unene tu, na wahusika wao wote husikika kama ndugu wa nyumba moja. Kuna vitasa vingine vya kuzungusha ili kubadilisha sauti: kasi, mahali sauti inapogonga (puani, kifuani, nyuma ya meno), kiasi cha pumzi kinachovuja, ukali wa konsonanti, na urefu wa kimya kabla ya kujibu. Mlinzi mzee: polepole, kifuani, pumzi ikivuja mwisho wa sentensi. Karani wa benki: meno karibu, kasi, hakuna kimya. Badilisha vitasa viwili kwa kila mhusika, si zaidi, la sivyo kesho hutakumbuka. Rekodi sekunde kumi za kila sauti, ziite kwa jina la mhusika, na zisikilize kila asubuhi kabla ya kuanza. Wahusika wawili wako wakikutana kwenye tukio moja, rekodi wa kwanza wote, pumzika, halafu wa pili. Usirukeruke.

Lafudhi ni kitasa pia, mradi uwe umeishika wewe na si yenyewe imekushika. Dholuo haina sh wala z, kwa hiyo ulimi uliolelewa nayo huweza kuteleza "shuka" ikawa "suka" na "zamani" ikawa "samani". Upande wa Bungoma mtego huwa kwenye b na p, d na t: "bata" na "pata", "dua" na "tua". Nakuru, kwa wengi, ni r na l: "kura" na "kula". Fanya zoezi la jozi hizo dakika tano kila siku hadi uweze kuziwasha na kuzizima. Mwongozaji akitaka Kiswahili sanifu unampa. Akitaka mvuvi wa ziwani, unacho tayari, na aliyetoka mbali atakiigiza vibaya.

Kutuma kazi, na kupata nyingine

Tuma WAV, kilohezi 48, biti 24, chaneli moja, bila mapambo yoyote zaidi ya kukata mngurumo ulio chini ya hezi 80. Atakayechanganya ndiye atakayeongeza mwangwi wa kanisa au wa bafu. Kila faili lianze sifuri ile ile ya video. Jina la faili libebe namba ya sehemu, mhusika na namba ya kipande. Dakika moja ni kama megabaiti 8.6, saa nzima zaidi ya 500. Faili la FLAC hupunguza ukubwa huo bila kuharibu sauti, nalo ni jambo la maana kwa anayenunua bando. Hifadhi nakala mbili kabla ya kufunga, na uwe na UPS, betri ya akiba ya kompyuta, kwani stima ikipotea katikati ya kipande hupotezi kipande tu, unaweza kupoteza mradi.

Rekodi ya kujionyesha isizidi sekunde 90: dondoo nne au tano, ya kwanza ikiwa sauti yako ya kawaida kabisa. Usitumie filamu ya mtu bila ruhusa, hata kwa mfano. Rekodi video ya tukio fupi na wenzako wa kikundi cha maigizo, mliigize kwa lugha yoyote, kisha liingize Kiswahili. Utakuwa na mfano wa kabla na baada, na hakimiliki ni yenu.

Njaa ya kati ya tamthilia na tamthilia ijazwe kama Völz alivyoijaza. Vikundi vinavyozunguka shule za sekondari kuigiza vitabu teule huhitaji waigizaji wa wahusika wengi. Tamasha za drama za shule huhitaji wakufunzi. Nakuru Players Theatre ni jukwaa la kukomaza pumzi. Redio za Kisumu na Bungoma hutaka matangazo, mashirika hutaka jumbe za afya, na kampuni hutaka sauti ya simu. Jukwaani unajifunza kufika safu ya mwisho. Kwenye kibanda unajifunza kutofika.

Bei usiitaje kwa saa. Wajerumani hulipa ada ya kufika pamoja na ada ya kila kipande, na mpango huo humlinda mwenye sehemu ndogo: nesi mwenye vipande vitatu bado amelipwa nauli na asubuhi yake. Tuseme ada ya kufika ni shilingi 1,500 na kipande ni 40. Vipande 60 ni 2,400, jumla 3,900. Kurudia kwa kosa lako ni bure, kurudia kwa sababu mteja amebadilisha maandishi kunalipiwa upya. Mteja aliye kampuni atadai PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, kwa hiyo vitengeneze kabla hajaviulizia.

Kwenye mkataba soma mistari miwili kwa kidole. Wa kwanza ni wa matumizi: televisheni gani, nchi zipi, miaka mingapi. Wa pili ni ule unaosema sauti yako yaweza kutumika "kwa teknolojia yoyote iliyopo na itakayokuja". Huo humruhusu mtu kuifundisha kompyuta iongee kama wewe na asikuite tena. Dai ufutwe, au uandikwe kwamba rekodi ni za tamthilia hii peke yake na hazitatumika kufundishia mfumo wowote wa kutengeneza sauti bila kibali kingine na malipo mengine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hutaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, kwa hiyo una pa kusimama unapodai. Mstari huo ukibaki, usitie sahihi, hata kama nauli ya kwenda Nairobi umeshaitumia.